Kinywaji Ambacho Dada Felisia Hakukipika

Nilikuwa nimepiga magoti juu ya robota la suruali za jinzi, katika duka moja la jumla Barabara ya Zhanqian, nikivuta zipu moja baada ya nyingine kuona kama zinapanda, Mutua aliposimama mlangoni. Mutua ni Mkamba wa Machakos, mtu wa maneno mengi, na kwa kawaida sauti yake humtangulia. Siku hiyo alisimama tu. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Flavia," aliniita. "Inuka kwanza, dada yangu."

"Subiri nimalize hizi. Huyu mama nikimgeuzia mgongo ananichanganyia zilizokufa zipu."

"Wachana nazo. Ni Felisia."

Nikainuka.

"Ameanguka huko Zhongda, akichagua vitambaa dukani kwa Mama Chen. Magari yalikuwa yamekwama, kwa hivyo wapagazi wakamweka kwenye mkokoteni wakakimbia naye hospitali. Hawakumwahi."

Nikamwuliza swali la kijinga. "Hawakumwahi wapi?"

"Ameenda, Flavia. Mungu amemchukua."

Mwenye duka aliacha kubofya kikokotoo chake. Hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini alitoka nyuma ya meza, akasukuma robota kando kwa mguu, akaniwekea kigoda. Nilikaa. Bado nilikuwa nimeshika suruali. Zipu ile ilipanda vizuri, ikashuka vizuri, ikapanda tena. Mutua ndiye aliyenitoa mkono pale.

Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha dada yangu, katika Kwaresima ya mwaka 1999, katika mji wa Guangzhou.

Tangu tumzike nimesikia mengi. Nimesikia kwenye jumuiya kwamba Felisia alikwenda Uchina kufuata anasa. Nimesikia kwamba biashara yake iliishia kwenye pombe za Wazungu, na kwamba hata mizigo yake ilirudi na chupa ndani. Mama mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu tunapokea Komunyo kwenye foleni moja, aliniambia usoni, "Flavia, mwombee sana dada yako, mlevi ana safari ndefu." Nitamwombea, hilo halina ubishi. Lakini mlevi hakuwa. Chupa ni kweli ilikuwapo, na aliinunua kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani. Sioni haya kueleza ilikotoka.

Kwetu ni Rombo. Baba yetu, Mzee Bartholomeo, alikuwa katekista tangu ujana wake. Ndiye aliyetufundisha sala watoto wa kijiji kizima, ndiye aliyetunza sakristia, na ndiye aliyezibua divai ya misa kabla ya padri kuvaa. Mama yetu, aliyetangulia zamani, alikuwa mpishi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mkono wake ulijulikana mpaka vijiji vya juu, na alipofariki watu walisema mkono ule ameurithi Felisia. Ilikuwa kweli. Ndizi zilezile, ulezi uleule, lakini ya Felisia ilikuwa nyingine.

Aliolewa na karani wa ghala la kahawa, mwanamume nadhifu, mwenye kalamu mfukoni na ngumi nyepesi. Hawakujaliwa mtoto, na kila mwezi ngumi zilipata sababu. Felisia alivumilia mpaka siku aliyotema jino. Akarudi nyumbani.

Baba alikuwa mtu wa Kanisa. Kwake ndoa haifunguliwi. Aliita wazee wa pande zote mbili ili wawapatanishe, na kwa desturi yetu upatanisho hauna maana bila mbege. Aliyekosana na mwenzake humletea kinywaji, na anayetoa kinywaji huonja kwanza, mbele ya macho ya anayempa. Kuonja ni kusema: humu hamna sumu, na moyoni mwangu hamna kinyongo. Baba alimwamuru Felisia apike mbege mwenyewe. Akapika. Wazee wakakaa, karani akakaa na kalamu yake, Felisia akaishika kata iliyojaa. Akaitazama. Kisha akasema kwa sauti iliyomfikia kila mtu, "Nikionja nitakuwa nimedanganya."

Akaimwaga chini ya migomba.

Baba hakupandisha sauti. Alisimama mbele ya wageni wake, akiwa na kanzu yake ya misa ya Jumapili, akasema, "Felisia, ukija na jani la isale nitalipokea, kwa sababu hakuna anayelikataa. Lakini kinywaji cha mkono wako hakitapita kooni mwangu tena."

Akaishika ahadi yake. Isale, au msale, ni ule mmea tunaoupanda mipakani na juu ya makaburi, na jani lake likifungwa fundo ndilo ombi la msamaha kwetu. Felisia alimpelekea Baba jani hilo mwaka uliofuata, akalipokea kwa mikono miwili. Kila Krismasi alipokuja, Baba alimbariki na kumwuliza habari za safari. Mabati aliyomletea akaezekea. Ila kata ya mbege akipelekewa na Felisia, alikuwa na jibu moja: "Nimeshakunywa, mwanangu." Hata kama koo lilikuwa kavu tangu asubuhi. Wenye desturi yetu wanajua uzito wake. Ni kusamehewa huku umesimamishwa mlangoni.

"Kumwacha yule mwanamume siombi msamaha," aliniambia mara nyingi, "hata Mtakatifu Petro akiniuliza. Ila Baba nilimwaibisha mbele ya wazee wake, nyumbani kwake. Hilo ni langu, nalibeba."

Alilibeba mpaka Moshi alikoshona nguo, mpaka Nairobi, mpaka Dubai, na mwisho Guangzhou. Hakuolewa tena. Nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani bila kazi, akaniita nimfuate. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu, mimi nikizungukia nguo za dukani, yeye vitambaa vya Zhongda. Jumapili tulikwenda misa kwenye lile kanisa kubwa la mawe karibu na Barabara ya Yide, tukipita katikati ya maduka ya samaki wakavu, na Felisia hakuwahi kukosa hata akiwa na homa.

Sokoni walimwogopa. Akitajiwa bei asiyoipenda hakubishana. Alivuta kigoda cha mwenye duka, akakaa, akatoa rozari yake, akaanza kusali palepale mlangoni. Wateja wengine walifika, wakamtazama, wakapita. Alipofika fumbo la tatu bei ilikuwa imeshuka. Mutua alimwambia, "Dada Feli, hiyo si sala, hiyo ni mgomo." Akamjibu, "Mungu anajua, na yeye hajalalamika."

Mmoja wa waliomwogopa hivyo akaja kuwa rafiki yake. Alikuwa mama wa makamo mwenye duka la satini pale Zhongda, wa ukoo wa Chen. Wenye maduka wa kike wote tuliwaita laobanniang, yaani mama mwenye duka, na huyu ndiye Felisia aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Walielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, kikokotoo na mikono.

Miaka ile divai nyekundu ilikuwa imewaingia watu wa Guangzhou kama homa. Kila karamu ya wenye fedha ilikuwa na chupa za Kifaransa mezani, na walizinywa kwa kuchanganya na Sprite na barafu. Mdogo wake Laobanniang alikuwa ameacha satini akaingia kwenye divai, akaziagiza kupitia Hong Kong kwa fujo. Homa ikapoa, uchumi ukayumba, na shehena yake ikaamriwa kuuzwa kwa mnada. Mwanzoni mwa mwaka 1999 Laobanniang alikuwa akilia dukani huku akijipepea na karatasi yenye orodha ya chupa zile.

Felisia aliichukua ile karatasi amsaidie kupepea. Akaona namba.

"Hizi namba za nini? 1982, 1970?"

"Mwaka. Mwaka zabibu kukamua," alisema Laobanniang, akifinya hewa kwa ngumi.

Felisia akashusha kidole mpaka chini. Akakibonyeza kwenye namba ya mwisho.

"Flavia. Hii ni ya sitini na moja."

"Kwa hiyo?"

"Ndiyo mwaka niliozaliwa. Ilipokamuliwa mimi nilikuwa sijui hata kushika titi la Mama. Baba alisema kinywaji cha mkono wangu. Hiki mkono wangu haujakigusa."

"Dada, kwetu mbege ikilala humpi hata mgeni usiyempenda. Ni tusi. Utampelekea Baba kinywaji kilicholala tangu enzi za mkoloni?"

Akacheka mpaka Laobanniang akasahau kulia. "Nitamwambia Wazungu ni wavivu wa kunywa."

Halafu akaacha kucheka. "Hii ilikamuliwa kabla sijamkosea, Flavia. Sitapata nyingine ya namna hiyo."

Nilijua tangu pale kwamba hatazuilika.

Mnada ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja, siku chache kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Sisi tulitoka sokoni moja kwa moja, na Felisia alikuwa na shangazi kaja lake begani, lile begi la nailoni la mistari. Mlinzi wa mlangoni alitunyooshea mkono kutuonyesha barabara. Maduka ya jumla yako kule, alikuwa akisema. Laobanniang alimfokea kwa Kikanton kwa muda mrefu. Felisia hakuwa akimsikiliza hata mmoja wao. Alikuwa akitazama ndani kupitia kioo.

"Flavia, ona."

Ukumbini, kando ya ngazi, kulikuwa na vyungu vikubwa vya shaba vimepangwa mstari, na ndani ya kila chungu umesimama msale. Msale wa kwetu, majani marefu ya kijani yanayoinama, umefungwa utepe mwekundu wa kuleta heri ya mwaka mpya. Umbali wote ule, na tukautambua kabla hata ya kusoma jina la hoteli.

Felisia akampita mlinzi kama mtu anayeingia kwake. Akafika kwenye chungu cha kwanza, akafanya ishara ya msalaba, akavunja jani moja. Mlinzi akaja mbio, anapiga kelele. Felisia akamgeukia na jani mkononi, akamwambia kwa Kiswahili, polepole, kana kwamba anamfundisha katekisimu:

"Kwetu hili halikatazwi mtu. Na wewe kama una uliyemkosea, chukua lako."

Sijui alielewa nini. Alirudi mlangoni.

Ndani kulikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe na wanaume wenye simu za mkononi. Walitutazama, kisha wakaacha. Sanduku kwa sanduku, chupa zikauzwa. Chupa ya 1961 ilikuwa moja tu, imewekwa mwisho pamoja na mabaki, na niliiona sababu. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na unyevu nusu nzima, mwaka ukabaki kwa bahati. Divai yenyewe ilikuwa imeshuka chini ya shingo.

Laobanniang alikwenda kumwuliza mdogo wake, akarudi akitikisa kichwa. "Mdogo wangu anasema imekaa kwenye joto, maji ya mvua yaliingia ghalani. Pengine imekufa. Watu hawataki, hawawezi kutoa zawadi chupa mbaya hivi."

"Mwambie na mimi nimekaa kwenye joto lenu na mvua zenu zimeninyeshea, na bado nipo."

Dalali alipoiinua ile chupa, Felisia akasimama. "Kwanza aionje," alisema.

Laobanniang alimvuta nguo. "Hapana onja. Mnada hapana onja. Fungua, umeshanunua."

"Anayetoa huonja kwanza. Akiogopa kuonja anauzaje?"

Laobanniang ikambidi atafsiri. Ukumbi mzima ulicheka. Dalali naye alicheka, akasema jambo, wakacheka zaidi. Felisia akasubiri wamalize, bado amesimama. Kisha akasema, "Basi. Nitaonja mwenyewe nikifika," akainua mkono.

Tulikuwa tumepewa kibao chenye namba cha kuinua. Kibao kilikuwa mapajani mwangu. Mkono alioinua Felisia ulikuwa na jani la isale.

Mwanamume mmoja mwenye saa ya dhahabu, mstari wa mbele, akainua kibao chake. Sidhani aliitaka chupa ile. Alitaka kuona tutafika wapi. Dalali akataja bei mpya. Felisia hakuushusha mkono. Yule bwana akaongeza. Felisia hakuushusha. Wengine hunyanyua na kushusha, huinamiana, hunong'onezana. Yeye alisimama hivyo tu, mkono juu na jani linaning'inia, macho kwa dalali, kama vile anaapa. Nikaona midomo yake inacheza, nikajua amefika kwenye rozari.

Wengi wameniuliza bei. Sitaitaja. Fedha zilikuwa zake, za jasho lake, na hakumdai mtu wala kudaiwa. Yule bwana mwishoni alishusha kibao, akageuka kumtazama vizuri, akampigia makofi. Dalali akagonga nyundo.

Tulipokuwa tukitoka, bwana yule alimfuata Laobanniang, akamwambia jambo.

"Anasema changanya na Sprite," Laobanniang alitafsiri. "Ya zamani ni chungu sana bila Sprite."

"Mwambie asante. Baba yangu hajui Sprite."

Chupa ile aliivika khanga, akailaza chini ya kitanda chetu kama alivyoelekezwa. Jani la isale alilifunga fundo shingoni mwake. Habari zikasambaa, maana soko la Waafrika halifichi kitu. Mutua, ambaye kanisa lake haligusi kileo hata cha kupaka, alitukuta tunakula chapati kwa Wakongo akamwanza Felisia mbele ya watu.

"Dada Feli, nasikia umeshinda pombe mnadani. Kwani umeokoka ama umelewa?"

"Sijaokoka wala sijalewa, Mutua. Mimi ni Mkatoliki."

Watu wakavunjika mbavu, na Mutua akacheka kuliko wote. Lakini wako waliokuwa pale ambao walibeba nusu ya maneno hayo mpaka nyumbani. Walibeba swali; jibu waliliacha mezani na chapati.

Alikuwa amekata tiketi ya kurudi kabla ya Pasaka. Kwaresima yote alikuwa akijisemea maneno atakayomwambia Baba. Nilimsikia akiyasema akifua, akiyasema akifunga mizigo. Yalikuwa machache. "Baba, nimeonja. Sikudanganya." Basi. Aliyapunguza mpaka yakabaki hayo.

Halafu akaenda Zhongda kuchagua satini ya nguo za Komunyo ya kwanza kwa watoto wa parokia, na Mutua akaja mlangoni na kofia mkononi.

Nilipofika hospitali Laobanniang alikuwa amekaa sakafuni kwenye ukumbi, viatu havipo. Alikuwa amekimbia nyuma ya mkokoteni. Kesho yake alikuja na jora zima la satini nyeupe, akaikata bila kuipima, tukamvika Felisia. Kwao pia nyeupe ni ya msiba. Mutua alikusanya watu, Wakenya, Wakongo, Watanzania, Waislamu kwa Wakristo, kila mtu akatoa alichoweza ili Felisia arudi kwao. Tulisali rozari nzima mbele ya jeneza, na Mutua akaimba wimbo wa Kikamba ambao sikuuelewa na sikuhitaji kuuelewa. Mtu mmoja alininong'oneza nisibebe ile chupa, nitamwaibisha marehemu. Nikaipakia kwenye mkoba wangu wa mkononi mbele ya macho yake.

Baba alitungojea amesimama kwenye lango la kihamba, shamba letu la migomba. Alikuwa amezeeka tangu nilipoondoka. Ukoo wa karani haukutuma mtu. Baba alikuwa amechimbisha kaburi kwenye kihamba chake mwenyewe, pembeni ya Mama, na hakuna aliyethubutu kumwuliza desturi inasemaje juu ya mke kuzikwa kwa mumewe.

Padri alimaliza ibada, akabariki kaburi. Jeneza likashushwa. Kabla udongo haujaanza nikatoka mbele, nikafungua mkoba, nikatoa chupa na jani lake. Jani lilikuwa limeanza kuwa njano nchani, fundo limekaza.

Mzee mmoja wa parokia akasema kwa sauti, "Katekista, pombe kaburini?"

"Ni ya Felisia," nikasema. Sikushusha sauti. "Aliinunua mnadani akiwa na hili jani mkononi. Hakuipika, Baba. Mkono wake haukuigusa. Ilikamuliwa mwaka aliozaliwa, na alisema ilikamuliwa kabla hajakukosea. Alikuwa aje nayo Pasaka hii."

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu na macho, akasoma namba. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kizibuo chake cha sakristia, kile alichotumia maisha yake yote. Kizibo kilikuwa kimeoza, kikakatika. Akakitoa kipande kwa kipande, bila haraka, kama anavyofanya na divai ya misa. Nikamshikia kata.

Akamimina. Haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa na rangi ya udongo wetu.

Nikadhani nitaonja mimi, nikanyoosha mkono. Baba akaisogeza kata mbali nami.

"Siyo wewe uliyeileta," alisema. "Anayetoa ndiye huonja."

Tukabaki hivyo. Nilisikia mtu nyuma yangu akiguna. Nikakumbuka neno la Baba la siku ile, nikajua anaweza kuirudisha kata kwangu akasema ameshakunywa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akapiga hatua mpaka ukingoni mwa kaburi. Akainama, na binamu zangu wakamshika mabega asianguke. Akamwaga kidogo juu ya jeneza, upande wa kichwa.

"Onja, mwanangu," alisema.

Nikasema yale maneno, kwa sababu hakuwapo mwingine wa kuyasema. "Baba, ameonja. Hakudanganya."

Baba akaiweka kata mdomoni. Niliona uso wake ukikunjamana, nikajua Laobanniang alisema kweli, joto na mvua viliifikia. Hakuiondoa kata. Alikunywa polepole mpaka akaiinua juu kabisa, kisha akaigeuza ili wazee waone imeisha.

"Imechacha," alimwambia yule mzee wa parokia. "Nimeinywa."

Akachukua sepeto, akatupa udongo wa kwanza. Binamu wakamalizia. Tulipanda msale juu ya kaburi, na jani lile la Guangzhou tukalichomeka kwenye udongo pembeni yake. Padri akasema sala ya mwisho. Chupa Baba aliirudisha ndani mwenyewe. Tukanawa mikono langoni, tukaingia.